Kabla ya kuteremka Mai Mahiu na gari la zamani

Je, nyumbani kwenu au kwa mjomba kuna gari la zamani ambalo hakuna anayethubutu kutaja habari za kuliuza? Pengine ni Peugeot 504 iliyowahi kubeba abiria kati ya Nairobi na Nakuru, au Datsun ya enzi zile magari ya aina hiyo yalipokuwa yakitamba katika mbio za Safari. Huoshwa kila Jumamosi, hupakwa rangi kila linapokwaruzwa, na mwenyewe akiliwasha majirani wote hutambua mlio wake.

Magari kama hayo yana heshima yake humu nchini. Tangu mwaka wa 1970 yamekuwa yakishindanishwa kwa usafi na utunzaji katika mashindano ya Concours d'Elegance jijini Nairobi. Tangu mwaka wa 2003 mengine yamekuwa yakirudi kwenye vumbi katika mbio za East African Safari Classic. Lakini sifa ya gari si rangi na mlio tu. Siku familia itakapoamua kwenda kulitazama Bonde la Ufa, swali litakuwa moja: je, breki zake zitawashusha salama?

Basi twende pamoja. Tutaanzia kwenye maduka ya spea ya Kirinyaga Road jijini Nairobi, tupande hadi Limuru, kisha tuteremke ukingo wa Bonde la Ufa hadi Mai Mahiu. Si safari ndefu, hata kilomita 70 haifiki. Hata hivyo, ukiifahamu vyema utaelewa kwa nini gari linalosimama bila shida Mombasa linaweza kumtoa dereva jasho likifika nyanda za juu, na ni nini cha kufanya kabla ya kuwapakia watoto.

Tuanzie Grogan

Kirinyaga Road iko pembeni mwa katikati ya jiji, upande wa Mto Nairobi. Hilo ndilo jina rasmi, lakini wengi wangali wanaiita Grogan, kutokana na Ewart Grogan, yule Mwingereza aliyepata umaarufu kwa safari yake kutoka Cape hadi Cairo, aliyoikamilisha mwaka wa 1900. Ukifika hapo asubuhi utapokewa na harufu ya grisi na sauti za vijana wanaotaka kujua unatafuta nini. Mlangoni mwa duka moja kumetundikwa taa za nyuma, jirani yake anauza bampa, na anayefuata amepanga masta silinda na pedi za breki kama mtu anayeuza nyanya.

Kabla hujatoa pesa mfukoni, fungua boneti ya gari lako. Tazama nyuma ya masta silinda, karibu na ukuta unaotenganisha injini na miguu ya dereva. Katika magari mengi utaona chombo cha bati cheusi, cha mviringo, mfano wa sufuria mbili zilizofunikizana. Mafundi hukiita busta. Usipokiona, huenda gari lako halikuundwa nacho. Volkswagen Beetle na Morris Minor, kwa mfano, zilisimamishwa kwa nguvu za mguu wa dereva peke yake.

Busta hufanya kazi kwa njia rahisi ya kushangaza. Ndani yake mna kiwambo cha mpira kinachoigawa nafasi katika vyumba viwili. Mpira mnene hutoka kwenye busta hadi kwenye njia ambayo injini huvutia hewa. Injini inapovuta, huinyonya hewa iliyo ndani ya busta na kuacha ombwe, yaani nafasi ambayo karibu haina hewa. Mafundi huliita vakyumu. Dereva anapokanyaga breki, mlango mdogo hufunguka na kuiruhusu hewa ya nje kuingia katika chumba cha upande wake. Hewa hiyo hukisukuma kiwambo kuelekea kule kwenye ombwe, na kiwambo huisukuma masta silinda pamoja na mguu wa dereva.

Kwa hiyo, msomaji, msaidizi wako hapo ni hewa hii tunayoivuta. Injini kazi yake ni kumfungulia nafasi tu. Hewa ya nje ikiwa nyepesi, au injini ikishindwa kuvuta sawasawa, msaidizi huyo huchoka.

Mombasa si sawa na Nairobi

Ombwe hupimwa kwa saa ndogo ya mviringo, na vipimo vyake huhesabiwa kwa inchi za zebaki. Injini ya petroli yenye afya, ikinguruma polepole pale Mombasa kando ya bahari, huonyesha kati ya inchi 17 na 21. Lakini kila unapopanda mita 300 hivi, kipimo hicho hupungua kwa inchi moja. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, kwa hiyo gari lile lile hupoteza inchi tano au zaidi. Ukipita mita 2,200 kule Limuru, inchi saba zimekwenda.

Tufanye hesabu kidogo, na wanafunzi watusaidie. Chukua busta ambayo kiwambo chake kina upana wa sentimita 20. Injini ikivuta inchi 20 Mombasa, hewa hukisukuma kiwambo hicho kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 215 hivi. Ikivuta inchi 14 Nairobi, msaada huo unashuka hadi kilo 150. Gari ni lile lile, busta ni ile ile, na hakuna kilichoharibika. Dereva mzoefu hulipa pengo hilo kwa kukanyaga kwa nguvu zaidi, pengine bila hata kutambua.

Balaa huja pale injini yenyewe inapokuwa na ombwe dogo tangu mwanzo. Hutokea kwa njia mbili.

Ya kwanza ni uchakavu. Ringi za pistoni zimelika, vali hazifungi sawasawa, au majira ya kuwasha moto ndani ya injini yamechelewa. Injini ya namna hiyo huvuta kwa unyonge kama mzee mwenye pumu.

Njia ya pili ni ile ya kujitakia. Mwenye gari ametamani kasi ya magari ya mashindano, akabadilisha kamshafti. Kamshafti ya mbio huziacha vali za kuingizia hewa zikiwa wazi kabla zile za kutolea moshi hazijafungwa. Injini inapozunguka kwa kasi, mpangilio huo huisaidia kupumua. Inaponguruma polepole, moshi hurudi nyuma na ombwe hupungua. Ule mlio wa kukatika-katika ambao vijana huupenda kwenye taa za barabarani ndio ishara yake. Injini kama hiyo inaweza kuonyesha inchi 10 tu pale Mombasa. Ilete Nairobi, na zitabaki tano hivi. Katika hesabu yetu, busta iliyokuwa ikisukuma kwa kilo 215 sasa inasukuma kwa kilo 55. Mwenye gari amejiongezea mbio na kujipunguzia breki kwa siku moja.

Pima kwanza, nunua baadaye

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Watu wengi hukimbilia kununua busta kubwa zaidi kabla ya kujua ugonjwa ni nini. Kuna majaribio mawili ambayo hata mwanafunzi wa sekondari anaweza kumsaidia babake kuyafanya, gari likiwa limesimama mahali tambarare.

Injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara kadhaa hadi pedali iwe ngumu. Iendelee kukanyagwa hivyo hivyo, kisha washa injini. Busta nzima itaifanya pedali izame kidogo chini ya mguu. Isipozama, msaada haufiki.

La pili, wacha injini ingurume kwa dakika moja au mbili, izime, na usiguse kitu kwa muda wa dakika chache. Kisha kanyaga breki. Unapaswa kupata mikanyago miwili au mitatu iliyo laini kabla pedali haijawa ngumu. Ikiwa ngumu tangu mkanyago wa kwanza, ombwe linavuja. Tazama ule mpira mnene: je, umepasuka, umelegea, au umekuwa laini hata unajibana ukivutwa? Angalia pia vali ya njia moja iliyo kwenye busta, ambayo kazi yake ni kulizuia ombwe lisitoroke. Ukisikia mlio kama wa nyoka karibu na pedali, huenda kiwambo kimetoboka.

Baada ya hapo mwambie fundi aunganishe saa ya ombwe. Kama injini ni chakavu, pesa za kwanza ziende kwenye injini. Rekebisha vali na majira ya moto, na pengine utapata inchi ulizokuwa ukizitafuta bila kununua busta.

Ikiwa injini ni nzima lakini kamshafti ndiyo inayokula ombwe, hapo ndipo safari ya Grogan inapokuwa na maana. Utauziwa mambo mengi, kwa hiyo elewa kila kimoja kinafanya nini.

Kuna tangi la akiba, chombo kisichovuja ambacho hutunza ombwe kati ya injini na busta. Hulijaza injini inapovuta vyema na kukupa mikanyago michache zaidi injini inapokuwa nyonge. Ni kitu cha bei nafuu, lakini haliongezi ombwe hata kidogo. Kama injini yako haipiti inchi saba, tangi nalo halitapita saba.

Kuna busta yenye viwambo viwili, ambayo huongeza eneo la kusukumwa bila kuhitaji nafasi pana. Husaidia injini iliyopungukiwa kidogo. Ile iliyopungukiwa sana itabaki na shida yake.

Kisha kuna pampu, na hapa ndipo fundi wa humu nchini huonyesha ujuzi wake. Injini za dizeli hazizibi njia ya hewa kama zile za petroli, hivyo hazina ombwe la kutosha la kugawia busta. Kwa sababu hiyo watengenezaji waliziwekea pampu ya kulitengeneza. Katika pikapu nyingi za dizeli kutoka Japani, pampu hiyo imefungwa mgongoni mwa alteneta. Fundi hodari anaweza kuichukua alteneta ya aina hiyo na kuifunga kwenye gari la zamani la petroli. Sharti ni moja: pampu hiyo hutaka mafuta ya injini, yaingie kwa paipu moja na kurudi kwa nyingine. Fundi akikuambia itafanya kazi bila mafuta, shukuru na uondoke. Paipu ikifungwa ovyo nayo, utajikuta na breki nzuri na injini iliyokauka mafuta njiani.

Pampu za umeme pia zipo. Hizi hazihitaji mafuta wala mkanda. Ziwekewe fyuzi, vali ya njia moja, na swichi inayoziwasha ombwe linapopungua na kuzizima linapotosha. Kwa magari mengi yenye kamshafti kali, hii ndiyo njia fupi.

Wengine huamua kuiondoa busta kabisa na kurudi kwenye breki za nguvu za mguu. Haina ubaya, mradi wasiishie kwenye kuiondoa tu. Pedali ya gari lenye busta huzidisha nguvu za mguu kama mara nne. Isiyo na busta huhitaji kuzidisha kama mara sita, pamoja na masta silinda nyembamba zaidi. Ukiitoa busta na kuacha vingine vilivyokuwa, mama au kijana wako hataweza kulisimamisha gari hilo.

Na kumbuka hili: busta humpunguzia dereva kazi tu. Haiongezi unene wa pedi, haipozi dramu, wala haibadilishi mafuta ya breki yaliyozeeka. Mafuta hayo hunyonya unyevu kutoka hewani. Yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 205, lakini yakishakunywa maji yanaweza kuchemka yakifika 140. Yakichemka hufanya mapovu, na pedali huzama hadi chini bila gari kusimama. Badilisha mafuta hayo kila baada ya miaka miwili. Ukibadilisha chochote katika breki, lijaribu gari kwenye uwanja tambarare kabla ya kuliingiza barabarani.

Kupanda Limuru

Sasa tuko tayari. Tunaiacha Nairobi kwa Waiyaki Way, tunazipita Uthiru na Kikuyu, na hewa inaanza kuwa baridi. Mashamba yanageuka kijani kibichi. Asubuhi ya Julai ukungu hutanda hapa hadi saa nne, na watoto watafunga madirisha wenyewe bila kuambiwa. Sikiliza injini ya kabureta: inapanda kwa uzito kwa sababu hewa imekuwa nyepesi. Busta nayo inasikia njaa hiyo hiyo.

Rironi ndipo barabara inapogawanyika. Moja huendelea juu kuelekea Kimende na Naivasha. Nyingine, ambayo wengi huiita barabara ya chini, huteremka hadi Mai Mahiu. Kabla ya kuifuata ya chini, tafuta mahali salama usimame. Kanyaga breki mara mbili tatu na usikilize mguu wako. Pedali ikiwa ngumu kuliko ilivyokuwa Nairobi, ujue mapema.

Kwenye ukingo wa bonde

Ghafla miti inaachana na dunia inafunguka mkono wa kushoto. Chini kabisa kumetandazwa Bonde la Ufa, rangi ya majani makavu, na mbele yako Mlima Longonot umesimama kwa urefu wa mita 2,776, kinywa chake kikiwa wazi. Upande wa kusini kuna Suswa. Kando ya barabara kuna vibanda vya wauzaji wa ngozi za kondoo, kofia na vinyago, na mahindi ya kuchoma hayakosi. Pigeni picha, nunueni mahindi, kisha dereva arudi kwenye usukani akiwa na akili iliyotulia.

Barabara hii ilijengwa na wafungwa wa kivita wa Kiitaliano wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Imebana ubavu wa mlima, upande mmoja mwamba na upande mwingine bonde. Malori hupanda kwa mwendo wa kinyonga na mengine huteremka nyuma yako. Ndipo hapa baadhi ya madereva hutenda kosa ambalo Wakenya wamelilipia kwa maisha: kuweka fri ili kubana mafuta. Sehemu ya Salgaa, kwenye barabara kuu ya Nakuru kuelekea Eldoret, ilipata sifa mbaya kwa sababu ya mtindo huo miongoni mwa madereva wa malori. Malori makubwa hutumia hewa iliyoshindiliwa badala ya ombwe, lakini somo ni lile lile.

Kwa gari lako la zamani, fri hukuibia mara mbili. Kwanza, gia ikitolewa injini haikusaidii tena kulizuia gari, na breki zinabeba uzito wote peke yake hadi zinaungua. Pili, injini inarudi kunguruma polepole, na hapo ndipo ombwe la kamshafti kali huwa dogo kupita kiasi. Dereva anahitaji msaada mwingi wakati ambapo msaada ni mchache. Akiizima injini kabisa, amebakiwa na ile mikanyago miwili au mitatu tuliyoipima Nairobi.

Weka gia ya chini, ile ambayo ungeitumia kuupanda mteremko huo huo, uinue mguu kwenye mafuta, na mambo yanageuka. Magurudumu huizungusha injini kwa kasi wakati njia ya hewa imefungwa, na pistoni zinavuta zisipate kitu. Ombwe hupanda, hata katika injini ambayo likiwa imesimama huwa na inchi chache. Gia hiyo hiyo inayolizuia gari ndiyo inayoilisha busta. Kanyaga breki kwa uthabiti upunguze mwendo, kisha iachie ipoe. Usiikalie kwa mguu mwepesi kutoka juu hadi chini.

Kanisa dogo na maji moto

Karibu na mwisho wa mteremko, kando ya barabara, kuna kanisa dogo sana la mawe. Lilijengwa na wafungwa wale wale wa Kiitaliano mwaka wa 1942, na hujulikana kama Kanisa la Mtakatifu Maria wa Malaika. Wasimulie watoto kwamba watu waliokuwa mbali na kwao, wakichonga mwamba kwa amri ya waliowashinda, walipata bado nguvu ya kujenga mahali pa kuomba.

Kisha mji wa Mai Mahiu wenyewe, jina la Kikikuyu lenye maana ya maji moto. Hapa malori hupumzika na wasafiri hula. Ukisimama, nusa. Harufu ya kitu kilichoungua ikitoka kwenye magurudumu, breki zimefanya kazi kupita kiasi, na kuna jambo ulilofanya juu ambalo hupaswi kulirudia. Usizimwagie maji baridi, kwani chuma kilichopata moto kikipozwa ghafla kinaweza kupasuka au kupinda. Acha gari kwenye gia, weka jiwe nyuma ya gurudumu, na mle chakula polepole. Mkiondoka, liondoe jiwe hilo mliweke kando, lisije likamvunjia mwingine gari.

Ikiwa utalipeleka gari lako kwa fundi wiki hii, anza na saa ya ombwe na ule mpira mnene, kisha mafuta ya breki, ndipo mzungumzie pampu. Na yeyote atakayeshika usukani mkiteremka Mai Mahiu, aambiwe mapema kwamba fri hairuhusiwi katika gari hilo, hata kama petroli imepanda bei.